Kipi Kibaki na Kipi Kitoke Nyumbani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyetuumbia vilivyomo ardhini, akatuhalalishia vilivyo vizuri, na akatukataza kufuja. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, jambo tunalokusudia kulizungumza leo limo ndani ya nyumba zetu. Nalo ni vitu: vyombo, makasha, makabati, nguo na mapambo tuliyoyanunua, tuliyoyarithi, au tuliyoletewa siku za arusi, yakazidi mwaka baada ya mwaka hata mwenye nyumba akawa hana pa kumtandikia mgeni. Twalileta mbele yenu kwa kuwa limezungumzwa katika darsa yetu zaidi ya mara moja, na kila lizungumzwapo watu huwa mapote mawili.

Pote moja husema: Mali ni ya mwenyewe, ameipata kwa njia ya halali, na hapana aya iliyoharamisha kabati wala sahani. Pote la pili husema: Zuhudi ni kutoa kila kitu. Mwislamu wa kweli akae na mkeka wake, mtungi wake na Msahafu wake. Na chochote ambacho moyo wakifurahia ndicho kitangulie kutoka, kwani hicho ndicho kiufungacho moyo na dunia. Sisi twaona mapote yote mawili yameshika ncha mbili za kamba yakaiacha kati yake, na hapo kati ndipo dini yetu iliposimama.

HALI YETU ILIVYO

Wazee wetu wa Lamu, Pate na Mombasa walijenga nyumba za mawe zenye kuta nene, na ndani ya kuta wakatia zidaka, wakapanga humo sahani za kauri zilizokuja na majahazi kutoka mbali. Nyumba ilikuwa na nafasi, na zidaka zilikuwa na hesabu: zikijaa zimejaa. Leo wengi katika wajukuu wao wamo katika nyumba za kupanga, vyumba viwili juu ya ghorofa, lakini vitu vya nyumba ya watu kumi vimewafuata juu. Kabati la vioo lina seti tatu za vikombe ambavyo havijapata kutiwa chai. Masinia yamesimamishwa nyuma ya mlango, na mlango haufunguki wote. Chini ya kitanda mna masanduku, na ndani ya masanduku mna doti za leso ambazo hazijakatwa wala kupindwa. Watoto hulala sebuleni juu ya godoro linalokunjwa asubuhi, ilhali chumba kimoja kizima kimekuwa ghala.

Wala si vitu vya zamani peke yake. Siku hizi mtu hununua kwa simu hali amelala kitandani, na kitu kikaletwa mlangoni kabla hajajua kitakaa wapi. Mitumba nayo imeenea masokoni kwa bei nafuu, na unafuu wa bei umetusahaulisha kuuliza haja.

Ukiwauliza watu kwa nini hawapunguzi, majawabu yao hurejea kwenye mambo matatu. La kwanza ni khofu: huenda kikahitajika kesho. La pili ni fahari: watu wakija waone. La tatu ni huzuni: hiki kilikuwa cha mama, na hiki kilikuwa cha marehemu baba. Mambo haya hayalingani. Khofu dawa yake ni kumtegemea Mwenyezi Mungu pamoja na kufanya hesabu. Fahari dawa yake ni toba. Ama huzuni si dhambi, na tutaieleza mahali pake. Atakayezitibu zote tatu kwa dawa moja atawadhulumu watu.

KIPIMO CHA SHARIA

Mwenyezi Mungu katika Suratul Aaraf, aya ya 31 na ya 32, ametuamrisha tujipambe tuendapo kusali, tukatumia vyakula na vinywaji bila ya kupita mpaka. Kisha akamkemea anayejitia kuharamisha mapambo na riziki nzuri alizowatolea waja wake. Tazameni vipi maneno mawili yamekuja pamoja: ruhusa ya kustarehe, na katazo la kufuja. Na katika Suratul Furqan, aya ya 67, amewasifu waja wake kuwa watumiapo hawafuji wala hawafanyi ubakhili, bali hushika njia ya katikati. Na katika Suratul Israa, aya ya 27, amewaita wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani. Basi ajuaye aya hizi hawezi kusema kuwa kila kilicho halali kununuliwa ni halali kurundikwa, wala hawezi kusema kuwa kila kipendezacho ni fitina.

Na Mtume wetu (s.a.w.) ndiye tafsiri ya maneno hayo kwa vitendo. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kuwa Mtume akipenda vitu vitamu na asali. Anas (r.a.) amepokea kuwa alikuwa harudishi manukato akipewa. Ngamia wake alikuwa na jina, akijulikana kwa Qaswaa. Huyu si mtu aliyeuchukia uzuri wa dunia. Na mtu mmoja alipomwuliza khabari ya mwenye kupenda nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri, hakumwambia kuwa hicho ni kiburi. Alimfahamisha kuwa Mwenyezi Mungu ni mzuri na apenda uzuri, na kuwa kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Hadithi hii imo katika Sahihi ya Muslim.

Lakini mtu huyo huyo aliyependa manukato na asali, alipofariki hakuacha dirhamu wala dinari. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa hakuacha ila nyumbu wake mweupe, silaha zake, na ardhi aliyoifanya sadaka. Killa kilichobaki kilikuwa na kazi. Hicho ndicho kipimo: vitu vichache, vyema, vyenye kutumiwa, na mwenyewe akavifurahia bila ya kufungwa navyo.

Na amepokea Jabir bin Abdillah (r.a.), katika Sahihi ya Muslim, kuwa Mtume alitaja tandiko moja la mume, na la pili la mke, na la tatu la mgeni, na akasema kuwa la nne ni la Shetani. Wanachuoni, naye miongoni mwao ni Imamu Nawawi aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, wameeleza kuwa makusudio ni kile kizidicho haja kikawekwa kwa kujionyesha. Basi mwenye watoto sita asihesabu matandiko yake akaingiwa na wasiwasi. Hayo ni haja. Lakini tutazame ndani ya hesabu hiyo: mgeni ametiwa. Nyumba iliyojaa vitu hata mgeni akakosa pa kulala imempa Shetani tandiko la tatu, kabla ya kufika la nne.

ALIYETAKA KUTOA VYOTE

Sasa twarudi kwa ndugu zetu wa pote la pili, na hawa twawaheshimu kwa kuwa nia yao ni njema. Kaab bin Malik (r.a.) alibaki nyuma katika vita vya Tabuk, mwaka wa 9 wa Hijra, akasuswa na watu siku khamsini mpaka Mwenyezi Mungu akaikubali toba yake. Kwa furaha ya siku hiyo alitaka kuitoa sadaka mali yake yote. Mtume akamwambia azuie baadhi ya mali yake, kwani hivyo ni kheri kwake. Kaab akaizuia sehemu yake iliyokuwa Khaibar. Na Saad bin Abi Waqqas (r.a.), alipougua Makka naye ana mali nyingi, alitaka kuusia karibu yote, Mtume akamruhusu thuluthi moja, na akamwambia kuwa hata thuluthi ni nyingi, kwani kuwaacha warithi wake wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakinyosha mikono kwa watu.

Basi ikiwa sahaba aliyekubaliwa toba yake kwa wahyi ameambiwa azuie baadhi, ni nani kati yetu aliye na haki ya kumlazimisha mkewe atoe chetezo chake na mrashi wake kwa jina la zuhudi? Zuhudi ni ya moyo kwanza. Huenda mtu akakaa juu ya mkeka mtupu na moyo wake ukawa dukani. Na huenda mwingine akala katika sahani ya kauri, nayo ikivunjika akasema Alhamdulillahi na asikose usingizi.

KUSTAREHE SI KULIMBIKIZA

Itaulizwa: Tutajuaje kitu tunachokistarehea na kitu tulichokilimbikiza, maadamu vyote viwili viko ndani ya nyumba? Twasema: fiqhi yenyewe imekwisha kutufundisha, katika mlango wa zaka ya dhahabu, lakini twausoma tukapita.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani twayafuata, pambo la dhahabu la halali ambalo mwanamke analivaa, bila ya kupita mpaka, halina zaka kwa kauli yenye nguvu. Lakini dhahabu hiyo hiyo, kidani hicho hicho, akikiweka kwa kusudi la akiba, huwajibika zaka yake kila mwaka ikiwa dhahabu imefikia nisabu. Nayo ni mithqali 20, takriban gramu 85, na kitolewacho ni mbili na nusu katika mia. Madhehebu ya Imamu Abu Hanifa huwajibisha zaka katika hali zote mbili. Nasi hatukusudii hapa kuamua baina ya Maimamu. Twakusudia kuonyesha kuwa wanachuoni wa Kishafi wamekitazama kitu kimoja, chenye uzani mmoja, wakakipa hukumu mbili kwa sababu ya makusudio ya mwenyewe. Kivaliwacho na kufurahiwa kimeachwa. Kilichofungiwa kwa kuhodhiwa kimetiwa haki ya maskini.

Basi na tuichukue hekima hiyo tuingie nayo chumbani. Vyombo na nguo za matumizi havina zaka, hilo lajulikana. Lakini mwenye kuvitazama kwa jicho hilo ataona mara moja kipi chavaliwa na kipi kimefungiwa. Nasi twawapa ndugu zetu maswali manne ya kuuliza mbele ya kila kitu.

La kwanza: Je, kitu hiki chatumiwa, au mwenyewe hukifurahia hata akiwa peke yake hapana wa kumwona? Buli ambalo mama hulitilia kahawa kila alasiri na moyo wake ukatulia, hilo ni neema, na libaki. Seti ambayo haitoki kabatini ila kwa kupanguswa vumbi kabla ya wageni, hiyo ni ya macho ya watu.

La pili: Je, chanishughulisha na ibada? Mtume (s.a.w.) alipewa na Abu Jahm nguo yenye mapambo, akasali nayo, na macho yake yakaenda kwenye mapambo yale. Alipomaliza aliamuru irudishwe kwa Abu Jahm, na kwa mahali pake akaomba nguo nzito isiyo na mapambo, ya huyo huyo Abu Jahm. Kitu kilikuwa halali na kizuri, lakini kilipoingia baina yake na Sala yake kilitoka siku ile ile. Na yatupasa kuiga adabu yake pia: aliomba nguo nyingine kwa mtu yule yule, na wanachuoni wamesema ni ili asimvunje moyo aliyempa.

La tatu: Je, nikiombwa nitaazima? Suratul Maun imemwonya mwenye kuwanyima watu vyombo vya matumizi madogo madogo. Sinia, sufuria kubwa, mbuzi ya kukunia nazi, jamvi: hivi ni maun ya mtaa. Mwenye sinia moja likizunguka kwa jirani zake ana mali zaidi kuliko mwenye masinia manane yaliyosimama nyuma ya mlango, kwani lile moja lafanya kazi ya thawabu na yale manane yafanya kutu.

La nne: Je, nikikikosa kesho, nitasubiri? Kitu ambacho mtu hawezi kukifikiria kuvunjika bila ya kifua kumbana, hicho kimeanza kummiliki yeye.

Kilichopita katika maswali haya na kibaki, na mwenyewe asione haya kuwa nacho. Na aseme Alhamdulillahi kila akitumiapo, kwani kukitumia kwa shukurani ndiyo haki yake.

KABLA YA KUTOA, TAZAMA NI CHA NANI

Hapa ndipo watu wengi wema huanguka. Mtu hupata hamasa ya kusafisha nyumba, akaita mkokoteni, akatoa. Nasi twasema: ngoja. Sadaka ya mali isiyo yako haipandi, na dhulma haisafishwi na nia njema.

Kwanza, toa amana na vya kuazima. Hapana nyumba ya kale ya mjini isiyo na chombo cha jirani kilichokuja na chakula cha futari kikasahauliwa. Virudishwe kwa wenyewe, na kama wamekufa, kwa warithi wao.

Pili, tazama mirathi. Vitu vingi katika nyumba zetu ni vya marehemu ambaye mali yake haijagawanywa, na huenda yapata miaka thelathini. Kitanda cha samadari cha bibi, kasha lenye njumu za shaba, mlango wa nakshi: hivi si vya aishiye ndani ya nyumba. Hulipwa kwanza gharama za mazishi na madeni ya maiti, kisha wasia wake usiozidi thuluthi, kisha ni vya warithi kila mmoja na fungu lake, hata yule dada aliyeolewa mbali na hajarudi. Wakikubaliana, huyu akachukua kasha na yule akachukua thamani yake, ni kheri. Na akiwamo yatima, hapana awezaye kuitoa sehemu yake kwa hisani. Suratun Nisaa, aya ya 10, imesema juu ya walao mali za mayatima kwa dhulma maneno ya kumtoa mtu usingizini. Ndiyo sababu wanachuoni wamekataza karamu za arobaini kufanywa kwa mali ya warithi walio wadogo. Na hukumu ya vyombo ni hiyo hiyo. Na kwa milango na vitu vya kale mtu ajue pia kuwa nchi yetu ina sheria ya mwaka 2006 ya kuhifadhi turathi. Kumwuzia dalali kwa siri apate kuvivusha ni kosa, na ni kuuza urithi wa mji mzima.

Tatu, mali ya mke ni ya mke. Mahari yake, vyombo alivyokuja navyo, zawadi za jamaa zake: mume hana amri juu yake ila kwa ridhaa yake. Na mke naye asitoe vitabu vya mumewe kwa kuwa vyakusanya vumbi.

Nne, mwenye deni auze ziada yake alipe deni kabla ya kufikiri sadaka. Twajua kuwa Mtume (s.a.w.) alijizuia kumsalia maiti mwenye deni la dinari mbili mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolidhamini. Na kuna nyumba za mjini mwetu ambazo kabati la arusi limo ndani, na deni la kabati hilo bado limo dukani. Kuliuza kabati hilo si aibu. Aibu ni kupita mbele ya mwenye duka na uso umeinama.

NA KUTOA KUWE NI KUTOA

Baada ya hayo yote, kilichobaki ni ziada yako, na sasa watoa. Lakini watoa nini? Katika Suratul Baqara, aya ya 267, Mwenyezi Mungu ametukataza kukusudia kibovu tukakitoa, ilhali sisi wenyewe tungepewa tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Aya hii yatuhusu sana. Twaona misikiti ikipelekewa mazulia yaliyotoboka, na madrasa zikipelekewa vitabu visivyo na majalada wala kurasa za mwanzo, na mafukara wakipewa nguo zisizo na vifungo. Na mtoaji akarudi nyumbani ameona amefanya ihsani. Huyo hakutoa sadaka, amepata mahali pa kutupia taka. Nguo na ioshwe na kushonwa kabla ya kutolewa. Kisichofaa kutolewa na kigeuzwe kazi, kama pazia la Bibi Aisha lenye sura, ambalo Mtume hakuliridhia lilipotundikwa, likakatwa likafanywa mito ya kuegemea. Na Misahafu iliyochakaa ihifadhiwe heshima yake kwa kuzikwa mahali pasafi au kuchomwa, kama walivyoeleza wanachuoni, isichanganywe na takataka za jikoni.

Na hapa twafika kwenye aya ambayo kila mwenye kuzungumza jambo hili ni lazima asimame mbele yake. Katika Suratu Aal Imran, aya ya 92, Mwenyezi Mungu amesema na waja wake kuwa hawatoufikia wema khasa mpaka watoe katika vile wavipendavyo. Basi vipi tutawaambia watu wabakishe wanavyovipenda na watoe wasivyovihitaji? Je, si kinyume cha aya?

Twasema: aya imesema katika wavipendavyo, haikusema vyote. Abu Talha (r.a.) alikuwa na mitende mingi kuliko Ansari wengine wa Madina, na aliyoipenda zaidi ni shamba la Bairuha, lililokabili msikiti, na Mtume akiingia humo akinywa maji yake matamu. Iliposhuka aya hii alikuja akalitoa shamba hilo. Mtume akaisifu mali hiyo kuwa ni yenye faida, akamwelekeza alitie kwa jamaa zake, akaligawa kwa jamaa na watoto wa ami zake. Hakuambiwa atoe mashamba yote, wala hakuleta lile shamba ambalo mitende yake imezeeka. Alitoa moja, na alitoa lile alipendalo.

Basi haya ndiyo twayasema kwa ndugu zetu, na ndiyo yaliyo magumu kuliko yote tuliyotangulia kuyasema. Kubakisha upendacho ni halali, wala hatumlaumu mtu. Lakini atakayetoa masanduku kumi ya vitu asivyovipenda, amepunguza mzigo tu. Katika hayo masanduku kumi na kiwemo walau kimoja ambacho mkono wake ulisita ulipokigusa. Hicho kimoja ndicho kitakachompandisha, na hayo mengine yatampa nafasi ya kutandika mkeka.

KIDANI CHA BIBI KHADIJA

Imebaki ile sababu ya tatu, huzuni. Twajua kuwa kuna nyumba ambazo watoto hawajafungua sanduku la mama yao tangu siku ya mazishi, kwani harufu ya udi bado imo ndani ya leso zake. Hao wakisikia khutba kama hii huona kuwa twawaambia moyo wao una ila. Hasha.

Baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 wa Hijra, watu wa Makka walileta fidia za mateka wao. Miongoni mwa mateka alikuwamo Abul Aas, mume wa Bibi Zainabu, binti wa Mtume. Bibi Zainabu alikuwa bado yuko Makka, akaleta kumkombolea mumewe mali, na ndani yake akatia kidani. Kidani hicho kilikuwa cha mama yake, Bibi Khadija, ambaye alimvika nacho siku ya arusi yake. Mtume (s.a.w.) alipokiona moyo wake ulilainika mno. Akawauliza masahaba wake kama wataona vyema kumwachia mateka wake na kumrudishia kidani chake, nao wakakubali. Khabari hii ameipokea Abu Daud kwa Bibi Aisha (r.a.).

Tuyazingatie matatu. Mtume wa Mwenyezi Mungu alishikwa na moyo kwa kuona kitu cha marehemu mkewe. Basi asiambiwe mtu kuwa kukumbuka kwa kitu ni udhaifu wa imani. Pili, hakukichukua kwa amri yake, kwa kuwa kilikuwa haki ya Waislamu, aliwaomba, wakaridhia. Hata kumbukumbu haipiti juu ya haki za watu. Na tatu, Bibi Zainabu alikipenda kidani kile, lakini maisha ya mtu yalipokuwa mizanini alikitoa. Alikuwa nacho kama mtu awavyo na amana, kipo mkononi na mkono haukufungwa juu yake.

Nacho kilikuwa kidani kimoja. Mwenye kuweka leso moja ya mama yake, akajifunika akisali usiku na akamwombea dua, amemkumbuka zaidi kuliko mwenye masanduku saba yaliyofungwa yakaingia mende. Leso sita nyingine na zivishwe wanawake wasio na leso, kwa nia ya sadaka ya mama, baada ya warithi wote kuridhia. Hivyo mama atakuwa amevisha watu baada ya kufa kwake, na mtoto atakuwa hakupoteza kitu.

MWISHO

Aendaye Gede, karibu na Malindi, ataona kuta za mji wa Kiislamu ulioachwa karne nyingi zilizopita. Kuna kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani mwaka 1399, na kuna misikiti, visima na vyumba. Walipoanza kuchimba James Kirkman na wenzake mwaka 1948 walivikuta vipande vya kauri ya Kichina katika nyumba za watu ambao hatuyajui majina yao. Sahani zile walizinunua kwa bei ghali, wakazipanga, wakazichunga watoto wasizivunje. Wenyewe wamekwenda na vigae vimebaki.

Hatusemi kuwa walikosea kuwa na sahani. Huenda walizifurahia, wakawalishia wageni na kumshukuru Mola wao, na hayo wameyakuta mbele yao. Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kuwa mtu husema mali yangu, mali yangu, na hana katika mali yake ila alichokula kikesha, alichovaa kikachakaa, na alichotoa sadaka akakitanguliza. Ukihesabu utaona yote matatu ni vitu vilivyotumika. Kilichofungiwa hakikutajwa, hicho ni cha warithi.

Basi ndugu zetu, Ramadhani haijafika, na wala hapana haja ya kuingoja. Mtu na aanze Ijumaa hii kwa sanduku moja tu. Akae na mkewe, wafungue pamoja, warudishe cha watu, waweke kile wakipendacho kwa haki, na watoe kile kizuri ambacho mwingine atakipokea macho wazi. Na chumba kikipata nafasi, wakitandike kwa ajili ya mgeni.

Ewe Mola wetu, tuvishe vilivyo vizuri na utuepushe na fahari navyo. Utupe riziki ya kututosha na moyo wa kutosheka. Warehemu wazazi wetu waliotuachia vitu, na utujaalie kuwafanyia wema kwa vitu hivyo. Wala usiijaalie dunia kuwa ndiyo hima yetu kubwa kuliko zote. Amin.

Wabillahit tawfiq.